Majaji Watatu wa New Orleans

Hotuba iliyotolewa mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili waishio Houston, Texas. Imeandikwa upya kwa ajili ya kusomwa, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.

Bwana Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, ndugu zangu nyote, nawasalimu. Nashukuru kupewa nafasi kabla ya chakula. Pilau ikishapita hapa hakuna atakayetaka kusikia habari za mahakama, na mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kusinzia.

Niliombwa nizungumze juu ya haki zetu katika nchi hii. Nikasema hiyo ni bahari, nipeni ghuba moja tu. Nimechagua mahakama ambayo wengi humu hamjawahi kuiona wala kulisikia jina lake, nayo imeshaamua mambo mengi ya maisha yenu kuliko ile Mahakama ya Juu ya Washington mnayoiona kwenye taarifa ya habari. Iko New Orleans, barabara ya Camp, ndani ya jengo kubwa la mawe lililomalizika mwaka 1915 likiwa posta. Ni Mahakama ya Rufaa ya Marekani, Kanda ya Tano.

Tuanze na ramani, kisha tuiache haraka. Mahakama za shirikisho zina ngazi tatu. Chini kuna mahakama za wilaya. Mliotoka Tanzania msiichanganye na ile ya hakimu wa wilaya kule Korogwe. Hizi ni nzito, uzito wake unakaribia wa Mahakama Kuu, na jaji wake anateuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Juu kabisa ni Mahakama ya Juu yenye majaji tisa. Katikati zimekaa mahakama za rufaa, jumla 13, na 11 kati ya hizo zinatambulika kwa namba. Kila yenye namba ina majimbo yake. Ya Tano ina Texas, Louisiana na Mississippi. Ndugu zetu wa Minnesota wako chini ya Nane, wa Ohio na Kentucky chini ya Sita, wa Maine chini ya Kwanza, wa California na Arizona chini ya Tisa.

Mfumo huu wa mahakama za rufaa ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1891. Wazee waliokuwa watu wazima kabla ya 1977 hawataona ajabu, maana nasi tulikuwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Kesi iliyotoka Kampala iliweza kuamua jambo la mtu wa Tanga. Jumuiya ilipovunjika nayo ikaenda, kila nchi ikajenga yake. Hapa Marekani hawakuvunja, wameendelea kugawana.

Sasa hesabu. Mahakama za rufaa hupokea takriban mashauri 40,000 kwa mwaka. Mahakama ya Juu huchagua yenyewe inachotaka kusikiliza, na siku hizi huchagua kama 60 hivi. Maana yake ni kwamba mtu akishindwa New Orleans, kwa vitendo amefika mwisho wa njia. Karatasi zinasema ana haki ya kuomba Washington imsikilize, na anaweza kuomba, lakini wakili anayemwambia mteja wake "tutaenda mpaka Mahakama ya Juu" anauza matumaini. Kwa Texas, karibu katika kila jambo la sheria ya shirikisho, neno la mwisho hutoka kwa watu watatu.

Ndiyo, watatu. Kanda ya Tano ina viti 17 vya majaji walio kazini kamili, pamoja na majaji wakongwe waliopunguza kazi bila kuacha. Kesi ya kawaida haiendi mbele ya wote. Inapangiwa jopo la majaji watatu, na upangaji huo ni wa bahati nasibu kwa makusudi, ili mtu asichague jaji. Wawili wakikubaliana, hukumu imepatikana; wa tatu akikataa anaandika sababu zake za kupinga. Hizo sababu za kupinga msizidharau. Nitazirudia.

Kitu ambacho watu wetu hawakijui, na kimewagharimu sana, ni hiki: mahakama ya rufaa haikusikilizi upya. Hakuna kiti cha shahidi. Hakuna kuapa. Huendi kueleza kilichotokea Bukavu au Bujumbura. Ni sawasawa na mtihani unaposahihishwa mara ya pili: mtahini mpya anaisoma karatasi ile ile uliyoiandika, hakuiti chumbani ujibu swali tena, na ulichosahau kuandika hakipo. Majaji wanasoma mwenendo wa shauri, yaani kila neno lililosemwa na kila hati iliyopokelewa chini, kisha wanasoma hoja za maandishi za mawakili wa pande mbili. Mara nyingi wanaishia hapo. Kesi nyingi huamuliwa kwa kusoma tu, bila wakili kusimama. Zile chache zinazopata nafasi ya kusikilizwa kwa mdomo, kila upande hupewa kama dakika 20, na majaji hukatiza kwa maswali tangu dakika ya kwanza. Sauti za mabishano hayo huwekwa kwenye tovuti ya mahakama, bure. Nawasihi vijana wanaosoma sheria wazisikilize wakiwa kwenye foleni za barabara kuu za Houston. Foleni tunazo za kutosha.

Halafu kuna suala la macho gani majaji wanatumia kusoma. Ukilalamika kwamba jaji wa chini alikosea sheria, wanaiangalia sheria upya bila kumwonea haya. Ukilalamika kwamba alikosea ukweli wa mambo, kwamba hakukuamini na ulikuwa unasema kweli, mlima ni mkali sana. Katika kesi za uhamiaji sheria ya Bunge la Marekani inasema matokeo ya uchunguzi wa ukweli yanasimama isipokuwa ushahidi umlazimishe mtu yeyote mwenye busara kuona kinyume. Angalieni neno hilo, *umlazimishe*. Jaji wa rufaa anaweza kusoma habari zako, akaamini moyoni kwamba yeye angekupa hifadhi, na bado akaandika kwamba rufaa imeshindwa. Nimesoma hukumu za namna hiyo. Zinaumiza kuliko zile za matusi.

Kwa hiyo kesi ya rufaa hujengwa siku ya kwanza, katika chumba cha jaji wa uhamiaji hapa Houston au Dallas, wakati wewe hujui hata kama kutakuwa na rufaa. Hati ya hospitali isiyopelekwa siku ile haiendi New Orleans. Mkalimani aliyekutafsiria ovyo, akachanganya Kiswahili cha Lubumbashi na cha Zanzibar, kosa lake linakuwa lako kama hukusema pale pale: "Mheshimiwa Jaji, sivyo nilivyosema." Ukilisema, linaingia kwenye mwenendo, na wakili wako ana pa kushika. Ukilimeza kwa heshima, tulivyolelewa sisi tusimkatize mkubwa, limepotea.

Njia yenyewe inakwenda hivi. Jaji wa uhamiaji anakataa. Unakata rufaa kwa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, ambayo iko karibu na Washington na ni sehemu ya Wizara ya Sheria, si mahakama huru. Bodi ikikataa, sheria inakupa siku 30 tangu tarehe ya uamuzi kupeleka ombi katika mahakama ya rufaa ya kanda. Siku 30 za kalenda, na Jumamosi imo. Kuiomba Bodi ifungue upya jalada hakusimamishi saa hiyo. Mahakama ya Juu ililiweka wazi jambo hili mwaka 1995. Na kupeleka ombi New Orleans peke yake hakuzuii kuondolewa nchini. Lazima uombe amri ya kuzuia kwa ombi la pekee, na majaji watapima kama una uwezekano wa kushinda na kama utaumia kwa namna isiyorekebishika. Kuna watu wameshinda rufaa wakiwa tayari wamesharudishwa makwao.

Mahakama hii pia inaunda sheria. Wengine watauliza, si Bunge ndilo linalotunga sheria? Bunge linatunga, ndiyo, lakini linaandika maneno mapana kama "kundi mahususi la kijamii" na kwenda nyumbani. Mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka kumi, na polisi wa nchi yake wakamcheka, je, yumo katika kundi hilo? Sheria haisemi. Mahakama ndiyo inayojaza. Mwaka 2021 jopo la Kanda ya Tano lilikataa kulitambua kundi la wanawake wasioweza kuuacha uhusiano wao. Mwaka mmoja kabla, Kanda ya Kwanza kule Boston ilikuwa imeacha mlango wazi katika suala linalofanana na hilo, na Kanda ya Tisa nayo hivyo hivyo. Sheria ni ile ile moja ya nchi, kifungu ni kile kile. Dada wawili wenye mkasa mmoja, mmoja akashukia Portland ya Maine na mwingine Houston, wanaishi chini ya sheria mbili. Mimi naona hilo si haki, na sijapata mtu wa kunieleza vinginevyo nikaridhika.

Kinachozidisha tatizo hilo ni kanuni moja ya Kanda ya Tano ambayo mawakili wake huishika kama msahafu. Jopo moja haliwezi kulipindua jopo jingine. Hukumu iliyochapishwa ya majaji watatu inawafunga majaji wote watakaofuata, hata kama watatu wa leo wanaamini watatu wa jana walikosea vibaya. Kuondoa hukumu hiyo kunahitaji Bunge libadili sheria, au Mahakama ya Juu iseme, au majaji wote wa kanda wakubali kwa kura ya wengi kukaa pamoja, baraza kamili, na kuisikiliza upya. Hiyo ya mwisho hutokea mara chache. Basi anayetangulia kufika ndiye anayeweka sheria. Huenda kesi hiyo ya kwanza iliendeshwa na wakili aliyechoka, au na mtu asiye na wakili kabisa, akiandika kwa mkono kutoka kizuizini. Haidhuru. Ikishachapishwa, wewe wa miaka kumi baadaye, mwenye wakili hodari na ushahidi wa kujaza kabati, unakuta nafasi imeshakaliwa.

Nimesema "iliyochapishwa" kwa sababu nyingi hazichapishwi kwa maana hiyo. Wengi wetu hupata hukumu fupi, kurasa mbili tatu, haina jina la jaji aliyeiandika, na juu yake imeandikwa kwamba si ya kuwafunga wengine. Inamaliza maisha ya mtu mmoja hapa Texas na haiongezi chochote kwenye sheria.

Sasa nataka niwapeleke nyuma kidogo, maana mahakama hii ina historia ambayo mtu mweusi wa Texas hapaswi kuipita.

Zamani Kanda ya Tano ilikuwa kubwa zaidi: Texas, Louisiana, Mississippi, Alabama, Georgia na Florida. Kusini yote ya ndani, kwa ufupi. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilipotamka kwamba kutenga watoto weusi na weupe shuleni ni kinyume cha Katiba, haikusema itekelezwe lini wala vipi. Mwaka uliofuata ikasema tu kwamba ifanyike kwa haraka ya kadiri. Kazi ikaachiwa mahakama za chini, na mahakama za chini za Kusini zilikuwa na majaji wengi waliozaliwa na kulelewa ndani ya ubaguzi huo. Mzigo ukaiangukia Kanda ya Tano.

Ndani yake walikuwako wanaume wanne, weupe wote: Elbert Tuttle wa Georgia, John Minor Wisdom wa Louisiana, Richard Rives wa Alabama, na John Brown wa Texas. Watatu waliteuliwa na Rais Eisenhower wa chama cha Republican. Rives aliteuliwa na Truman. Jaji mwenzao kutoka Mississippi, Ben Cameron, aliyewapinga kila hatua, aliandika mwaka 1963 akiwaita "Wale Wanne". Alikusudia kuwashutumu. Jina likabaki kuwa sifa.

Mwaka 1961 James Meredith, kijana mweusi aliyekuwa ametumikia jeshi la anga, aliomba kuingia Chuo Kikuu cha Mississippi. Jaji wa wilaya alimkatalia. Juni 1962 jopo la Kanda ya Tano, kwa kura mbili dhidi ya moja na kwa kalamu ya Wisdom, likaamuru apokewe. Cameron, ambaye hakuwa hata kwenye jopo hilo, akatoa amri ya kusimamisha. Wenzake wakaifuta. Akatoa nyingine, ikafutwa, akatoa tena. Mwisho Jaji Hugo Black wa Mahakama ya Juu akazifagia zote mwezi Septemba. Gavana Ross Barnett akajisimamisha mlangoni mwa chuo, na Kanda ya Tano ikamtia hatiani kwa kuidharau mahakama. Usiku wa Septemba 30 ghasia zilizuka chuoni, watu wawili wakafa, Rais Kennedy akapeleka askari. Oktoba 1 Meredith akaandikishwa. Mnaweza kusoma habari hii mara nyingi na kumwona Kennedy tu. Lakini Kennedy alikuwa anatekeleza karatasi iliyotoka New Orleans.

Mfano mwingine naupenda zaidi kwa sababu ya mwendo wake. Mei 1963, Birmingham, Alabama, watoto wa shule waliandamana na kupigwa kwa mabomba ya maji na kutishwa kwa mbwa wa polisi. Bodi ya elimu ikawasimamisha na kuwafukuza wanafunzi zaidi ya 1,000, shule zikikaribia kufunga. Mei 22 asubuhi wanasheria wakaenda kwa jaji wa wilaya, akakataa. Wakampigia Tuttle aliyekuwa Jaji Mkuu wa kanda. Jioni ile ile akawasikiliza Atlanta, na kabla ya usiku kuingia akaamuru watoto warudi shule. Siku moja! Wenye kesi za miaka saba humu ndani mnaweza kucheka.

Wisdom naye, mwaka 1966, aliandika hukumu ndefu juu ya shule za Jefferson County, Alabama, na ndani yake aliweka jambo ambalo leo linaonekana la kawaida lakini wakati ule lilikuwa mapinduzi: mpango wa kumaliza utengano unaotosheleza Katiba ni ule unaofanya kazi. Hadi hapo bodi za elimu zilikuwa zinaleta mipango mizuri kwenye karatasi, na watoto wanabaki walipokuwa. Wisdom akasema, nionyesheni watoto wako shule gani. Mwaka uliofuata majaji wote wa kanda, kwa wingi wa kura, wakaikubali, na ikawa sheria ya majimbo sita. Jengo la barabara ya Camp leo lina jina lake.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya sabini kanda ilikuwa imevimba. Majaji 26, kukaa baraza kamili ilikuwa kama mkutano wa kijiji. Bunge likaigawa: kuanzia Oktoba 1, 1981, Alabama, Georgia na Florida zikawa Kanda ya Kumi na Moja, makao yake Atlanta. Kitu cha kwanza muhimu ambacho kanda mpya ilifanya ni kutangaza kwamba hukumu zote za Kanda ya Tano za kabla ya siku hiyo zitaendelea kuifunga. Wakili wa Miami leo bado anazitegemea hukumu zilizotolewa New Orleans kabla hajazaliwa.

Mahakama ni ile ile, lakini watu wamebadilika. Kwenye mwaka 2024, kati ya majaji 17, 12 walikuwa wameteuliwa na marais wa Republican na watano na wa Democrat. Sita kati ya wale 12 waliteuliwa na Trump katika muhula wake wa kwanza. Ni mwaka 2022 tu ndipo alipoingia mwanamke mweusi wa kwanza, Jaji Dana Douglas. Watu husema hii ndiyo kanda ya kihafidhina kuliko zote nchini, na mimi sitabisha. Ila nataka mwone kwamba mamlaka ni yale yale. Hayakuongezwa hata nukta.

Chukueni mwaka 2014. Rais Obama alitangaza mpango wa kuwapa wazazi wa watoto raia ruhusa ya muda ya kukaa na kufanya kazi. Uliwagusa watu kama milioni nne, na baadhi yao wamo humu. Texas ikaongoza majimbo 26 kushtaki. Mlango wao wa kuingilia ulikuwa leseni ya udereva: kila leseni, Texas ilidai, itaigharimu kama dola 130, kwa hiyo imeumia na ina haki ya kushtaki. Jaji wa Brownsville akausimamisha mpango huo nchi nzima Februari 2015. Novemba jopo la Kanda ya Tano likamkubalia, wawili kwa mmoja. Jaji Jerry Smith ndiye aliyeandika. Jaji Carolyn King akapinga kwa kirefu. Kesi ikapanda Washington, lakini Jaji Scalia alikuwa amefariki Februari 2016, wakabaki wanane. Juni wakagawanyika wanne kwa wanne. Na Mahakama ya Juu ikigawanyika nusu kwa nusu, hukumu ya chini inabaki kama ilivyo. Tamko lao lilikuwa sentensi moja. Basi maisha ya watu milioni nne yaliamuliwa na kura mbili za New Orleans.

Mimi nawapenda Tuttle na Wisdom. Ila sidhani ni uaminifu kusifu amri pana za mahakama zilipofungua shule za Birmingham, kisha kujifanya hatuzitambui zilipofunga mpango wa Obama. Ni chombo kile kile. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ilipunguza sana uwezo wa majaji wa chini kutoa amri zinazobana nchi nzima, na walioshangilia mwaka ule si wote walioshangilia mwaka 2015.

Isitoshe, kuwa neno la mwisho si kuwa sahihi. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliipindua Kanda ya Tano mara nyingi kuliko ilivyoiunga mkono: katika suala la kumnyima bunduki mtu aliyewekewa amri ya kumlinda mwenzi wake, ilipinduliwa kwa kura nane dhidi ya moja, katika dawa ya kutoa mimba, kwa kura zote tisa. Na katika uhamiaji, ambako sisi ndiko tuliko, ilisahihishwa mwaka 2015, tena 2020, tena 2023, kila mara kwa sababu ilikuwa imefunga mlango wa kusikilizwa kwa kusema haina mamlaka. Waliofungua milango hiyo ni wahamiaji wa kawaida ambao mawakili wao walikataa kuona mwisho. Na hapa narudi kwenye zile hukumu za kupinga. Jaji mmoja anapoandika kwa nini wenzake wawili wamekosea, anamwandikia msomaji wa Washington. Kanda mbili zinapotofautiana juu ya kifungu kimoja, hiyo ndiyo sababu kubwa inayoifanya Mahakama ya Juu ikubali kusikiliza. Mtu aliyeshindwa Houston anaweza kuokolewa na mgeni asiyemjua aliyeshinda Boston.

Bwana Mwenyekiti ananionyesha saa. Nipokee maswali.

*Mzee mmoja aliuliza: hawa majaji, wakikosea namna hii, nani anawaondoa?*

Shikamoo mzee. Hakuna mwenye kuwaondoa kwa kukosea hukumu. Wanateuliwa maisha. Rais aliyewateua hawezi kuwafukuza, hata mshahara wao Bunge haliwezi kuupunguza wakiwa kazini. Njia ni Baraza la Wawakilishi kumshtaki na Seneti kumtia hatiani, na hiyo ni kwa uovu, si kwa hukumu usiyoipenda. Mara ya mwisho iliyonijia karibu ni mwaka 2010, jaji mmoja wa wilaya wa hapo hapo New Orleans aliondolewa na Seneti kwa rushwa. Ulinzi huo huo ndio uliomwezesha Wisdom kuandika aliyoyaandika huku akipigiwa simu za vitisho nyumbani. Unawalinda wote, mzee, wale tunaowapenda na wengine.

*Mama mmoja aliuliza: nina kesi hapa, dada yangu yuko Minneapolis anasema nihamie kwake, kule majaji ni wapole. Nikihama, kesi inanifuata?*

Mama, swali lako lina thamani kuliko hotuba yangu yote. Rufaa inakwenda katika kanda ambamo jaji wa uhamiaji alimalizia kesi. Kama jaji wa Houston ameshatoa uamuzi, hata ukihamia Alaska rufaa yako ni New Orleans. Kama hajamaliza, unaweza kuomba kesi ihamishwe, lakini ni ombi, na jaji anataka sababu ya maana: kazi, matibabu, familia. "Kule majaji wapole" si sababu ya kuandika kwenye karatasi. Wala usidhani Kanda ya Nane ni laini. Muulize wakili wa Minnesota kabla hujafunga mizigo. Ukihama kwa sababu yoyote ile, ndani ya siku tano za kazi jaza fomu ya kubadili anwani ya mahakama ya uhamiaji, na nyingine ni ya idara ya uraia na uhamiaji, hiyo ina siku kumi. Ni fomu mbili tofauti, moja haiwakilishi nyingine. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliikubali Kanda ya Tano, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba taarifa ya pili ya tarehe ya kusikilizwa inatosha hata kama ya kwanza ilikuwa na upungufu. Taarifa ikitumwa kwenye anwani yako ya zamani na wewe usitokee, utaamriwa kuondoka bila kusikilizwa. Njoo mezani kwangu baada ya chakula, nina nakala za fomu zote mbili, tuzijaze.